Mrejesho: mshahara wa dada yangu anayetibiwa saratani

Wakuu, niliomba ushauri hapa kuhusu dada yangu: anatibiwa saratani ya matiti hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, mwajiri kasimamisha mshahara, na kikoba (kikundi chake cha kuweka na kukopa) kinadai marejesho ya mkopo. Asanteni sana mliojibu.

Kilichosaidia zaidi ni ile sheria ya ajira ya 2004: likizo ya ugonjwa siku 126 ndani ya miezi 36, 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Tulipeleka cheti cha daktari na barua iliyotaja CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi). Hatukulazimika kufika huko, mshahara umerudi pamoja na malimbikizo. Uliyesema nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa, Mungu akubariki, maana baadaye walidai hawajaona barua yoyote.

Ustawi wa jamii pale hospitali walimsikiliza vizuri, akapunguziwa baadhi ya gharama. Nauli kutoka Mbagala bado inatuumiza. Siku za mionzi hawezi kupanda daladala, inabidi bajaji. Kikoba kimegoma kufuta riba, wamesogeza tu tarehe za marejesho. Sasa yuko kwenye nusu mshahara, ndugu tunachangiana.

Anawasalimu sana.