MJADALA: Land Rover ya 1976 ikikaguliwa ikafaulu, mwaka wa kutengenezwa uipeleke kwenye vyuma chakavu?

Mwanzisha mada:

Wakuu, salaam. Kuna hoja inazidi kupata wafuasi, kwamba tusiishie kuwabana wanaoingiza magari makuukuu bandarini, bali tuweke pia ukomo wa umri kwa yale ambayo tayari yako barabarani. Gari likifikisha miaka fulani, lifutiwe usajili, likatwe vyuma chakavu. Mimi napinga, na shahidi wangu ni gari moja tu.

Marehemu baba aliendesha Land Rover 109 (namba ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) kati ya Karatu, mkoani Arusha, na Mang'ola iliyo bondeni. Alikuwa anashusha watu bondeni, anapandisha magunia ya vitunguu. Mvua zikianza, magari mengine yalikuwa yanasubiri juu, yeye anaweka gia nzito na kushuka taratibu huku utingo akitembea kwa miguu mbele kuonyesha palipo imara. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye gari hilo. Kadi yake inasema 1976. Bado linatembea, sasa liko mikononi mwa kaka yangu.

Wanaosema "ni kuukuu" nawaomba waangalie lilivyozaliwa. Mwaka 1947 Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey, Wales, na kazi za shamba alizifanya kwa Jeep ya jeshi la Marekani iliyobaki baada ya vita. Ilipoanza kuchoka hakuona cha kuiziba nafasi yake. Chuma kilikuwa kwa mgao, lakini alumini ilikuwapo kwa sababu viwanda vya ndege vilikuwa vimepunguza kazi. Bodi ikafanywa ya alumini. Hata ile rangi ya kijani ya mwanzo ilikuwa rangi ya jeshi iliyobaki. Gari likaonyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na wenyewe waliliona kama la kuvukia tu hadi soko la magari yao ya kifahari lirudi. Likaendelea kuunganishwa kiwandani Solihull, Uingereza, hadi tarehe 29 Januari 2016. Jumla yake: magari 2,016,933.

Katika miaka hiyo kampuni ilipita mikononi mwa Leyland, serikali ya Uingereza, British Aerospace, BMW, Ford, na mwaka 2008 ikanunuliwa na Tata wa India. Gari likabaki na sura ileile. Mwaka 1958 likatanuliwa ubavu kidogo, mwaka 1971 ikaja Series III, mwaka 1983 springi za majani zikapisha za koili, mwaka 1990 likapewa jina la Defender kwa sababu Discovery, gari jingine la kampuni hiyo, ilikuwa imezaliwa mwaka uliotangulia na ndugu wawili walihitaji kutofautishwa. Badiliko lililomgusa fundi wa kwetu kuliko yote ni la 1998, ilipokuja injini ya Td5 yenye kompyuta. Kabla ya hapo, spana na akili vilitosha.

Sasa gari la mzee. Injini ya petroli iliyozaliwa nalo ilitolewa, ikawekwa ya dizeli. Giaboksi si ya mwanzo. Diferensho ya nyuma ni ya tatu. Milango miwili ilitoka kwenye gari lililokufa Babati, ikafungwa kwa boliti siku hiyohiyo. Nauliza kwa dhati: gari hili lina miaka mingapi?

Waingereza walikutana na swali hili, wakalijibu kwa alama. Kwa miaka mingi, hadi kanuni zilipobadilishwa 2025, gari lililojengwa upya lilibaki na utambulisho wake likifikisha alama 8, nalo lilipaswa kuwa na chesisi (fremu ya chini inayobeba gari) ya mwanzo au mpya isiyobadilishwa. Chesisi ilikuwa alama 5. Mfumo wa springi, ekseli, giaboksi na usukani zilikuwa 2 kwa kila kimoja. Injini ilikuwa 1 tu. Mnaona uzito waliuweka wapi? Na sisi tuulize hivyohivyo: chesisi ikoje, breki zikoje, usukani ukoje. Mwaka uliopigwa chapa kwenye kadi hauna breki.

Karibuni, nipingeni kwa hoja.

Mchangiaji, muuguzi wa kituo cha afya:

Kaka, nimekusoma hadi mwisho, na mzee wako namheshimu. Lakini umeandika habari ndefu ya gari, abiria umemtaja mara moja tu, akiwa anashushwa bondeni pamoja na habari za magunia.

Mimi napokea hao abiria. Nyuma ya hiyo 109 kuna mabenchi mawili yanayotazamana, watu wamekaa ubavu, magoti kwa magoti, mtoto kapakatwa. Gari likisimama ghafla wote wanarundikana mbele, likipinduka wanarushwa. Niliwahi kupokea tisa kwa mkupuo kutoka gari moja la namna hiyo. Liliserereka kwenye utelezi likalala ubavu, mwendo haukuwa hata mkubwa. Gari lilisimamishwa likaondoka kesho yake. Mama mmoja aliyekuwa ndani hajasimama tena.

Kwa hiyo unaponiambia chesisi ni nzima, naelewa, ila hujanijibu. Gari linaweza kuwa zima kama lilivyotoka kiwandani na bado likaua, kwa sababu lilitoka kiwandani bila kinga ambazo leo tunajua zinaokoa. Defender ya zamani haikuwa na mifuko ya hewa hadi siku ya mwisho ya 2016. Huko Marekani iliacha kuuzwa baada ya modeli ya 1997 kwa sababu masharti mapya ya mifuko ya hewa na kinga ya ubavu yalikuwa yanaanza. Hicho ni kitu ambacho fundi wa Babati hawezi kukifunga kwa boliti. Huo ndio umri ninaouzungumzia, kaka. Si kutu.

Mchangiaji kutoka Kenya:

Kwetu ukomo tayari uko mpakani. Gari lililotumika likizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii. Uganda nao mwaka 2018 walipitisha sheria ya kukataa yenye miaka 15 na kuendelea. Piga hesabu: Defender ya mwisho ilitoka 2016, kwa hivyo ile ya zamani kwetu mlango umeshafungwa hata kama ililala gereji Uingereza bila kutembea kilomita mia. Nchi ambayo Land Rover ziliunganishwa Thika!

Lakini tazama Marekani, ambayo dada amewatolea mfano. Kule gari la kigeni ambalo halikukidhi masharti yao linazuiwa hadi litimize miaka 25. Likitimiza, linaingia. Sisi tunakataa mzee, wao wanakataa kijana. Ile namba 8 na ile 25, ni ipi iliyopimwa barabarani?

Na namba ikiwa ndiyo sheria, watu huibadili. Mwaka 2014 maafisa wa Marekani walikamata Defender kama 40 wakidai zimepewa utambulisho wa magari makuukuu ili zipite kwenye hiyo 25. Ni rahisi kwa gari linalofunguka lote kwa spana. Ukiweka ukomo wa umri kwa magari yaliyo barabarani, biashara ya kadi na vibao vya chesisi itachanua kabla sheria haijakauka wino.

Mchangiaji, mpenzi wa Land Cruiser:

Mada nzuri, ila kuna mkanganyiko naomba niutenge. Modeli kuishi muda mrefu si sawa na gari moja kuishi muda mrefu.

Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ilianza 1984 na hadi leo inatoka kiwandani. Ukiitazama kwa mbali ni ileile. Ndani imebadilishwa: toleo la kabini moja lilifikisha nyota tano za usalama Australia mwaka 2016 baada ya kuongezewa mifuko ya hewa na kuimarishwa, na mwaka 2023 likapewa sura mpya na injini ndogo ya lita 2.8. Kwa hiyo sifa za modeli usimpe gari la 1976. Polisi wetu wanapanda Toyota, sisi tunaendelea kuita "difenda"; jina limebaki, chuma kimebadilika. Mwanzisha mada anafanya kinyume: chuma kimebaki, anataka kiheshimiwe kwa jina.

Mchangiaji, fundi, Arusha:

Nimeingia chini ya haya magari tangu nikiwa kijana wa kushika taa. Nawaambia wakaguzi wengi wanapodanganyika.

Alumini haioti kutu kama chuma, kwa hiyo bodi ya miaka 45 inang'aa. Chesisi ni chuma, na ni boksi lenye uwazi ndani. Tope linaingia, linakaa na unyevu, chuma kinaliwa kutoka ndani kuja nje. Rangi nyeusi inapigwa juu, mtu anaona uzima. Na pale alumini inapogusana na chuma pakiwa na maji, alumini yenyewe inaliwa, inatoa unga mweupe. Kwa hiyo chukua nyundo ndogo, gonga boriti ya mwisho nyuma, gonga mikono inayoshika bodi pembeni. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti ya kopo lenye maji.

La pili ni breki. Nyingi za enzi hizo zina mfumo mmoja wa maji ya breki. Bomba moja likipasuka, magurudumu yote manne hayana kitu. Kwenye mteremko wa Mang'ola hapo unabaki na gia na Mungu. Kubadili kuwa mfumo wa njia mbili kunawezekana na nimefanya, lakini wateja wengi huniambia "bado inashika, fundi".

Mimi niko na mwanzisha mada kwamba mwaka si kipimo. Nimeshusha chesisi ya gari la 2008 iliyooza kuliko ya 1976. Ila anaposema "likikaguliwa likafaulu" aseme ni ukaguzi upi. Ule wa gari kupandishwa juu, tairi kutolewa, nyundo kupita, naukubali. Wa kuzunguka gari mara moja na kubandika stika kiooni, hapana. Na kama ukaguzi wa kweli hatuuwezi, basi tuwe wakweli, wanaotaka ukomo wa umri watakuwa na hoja, kwa sababu mwaka angalau unasomeka bila nyundo.

Mwanzisha mada:

Fundi, umenigusa pabaya. Gari la mzee lina mfumo mmoja. Nimempigia kaka sasa hivi, nimemwambia lisishuke hadi libadilishwe.

Dada muuguzi, sina jibu la mifuko ya hewa. Nakubali kwamba nilihesabu vyuma nikawasahau waliokaa juu yake. Basi nabadili hoja yangu: gari la shamba na la mizigo lipimwe kwa hali yake, bila kujali mwaka. La abiria lipimwe kwa hali na kwa kinga, na pasipo mkanda kwa kila kiti lisipakie. Lakini bado siukubali ukomo wa miaka. Ukilikata lile la Mang'ola leo, kesho yake hakutakuja gari jipya. Itakuja pikipiki yenye watu watatu.

Mchangiaji, muuguzi wa kituo cha afya:

Hilo la pikipiki nalijua kuliko wewe, kaka. Na nitasema ukweli wangu wote: mwezi wa nne, mto ukijaa, wajawazito huletwa usiku kwa gari la namna hiyohiyo, na huwa nafurahi kulisikia linavyopanda. Sijawahi kumuuliza dereva kadi inasema mwaka gani.

Kwa hiyo anza na mikanda. Si baada ya sheria, anza wiki hii na hilo la kwenu. Mabenchi ya kutazamana yatolewe, viti vitazame mbele, hata kama watu kumi watakuwa sita na nauli itapanda. Ukifanya hivyo nitasimama nawe dhidi ya ukomo wa umri, popote.

Mchangiaji, fundi, Arusha:

Mlete kaka yako na gari, tutalifanya pamoja na breki. Ila asikubali mtu amfungie mikanda kwenye bati la sakafu. Ile ni alumini nyembamba, siku ya ajali boliti itang'oka na mtu wake. Lazima tuchomelee vishikio vinavyoshuka hadi kwenye chesisi, na kabla ya hapo nyundo ipite kwanza.