Walimu wanne kutoka Pemba: Marangu au Machame, Juni au Desemba?

Mwalimu wa Wete aliuliza:

Assalaamu alaykum, ndugu zangu.

Sisi ni walimu wanne wa skuli moja hapa Wete, wanawake wawili na wanaume wawili, wenye umri kati ya miaka 29 na 51. Tumeweka nia ya kupanda Mlima Kilimanjaro mwaka huu wa 2026, na tangu mwaka jana tumekuwa tukichanga fedha kila mwezi kwa ajili hiyo. Kwa kuwa tunafundisha, hatuwezi kuchagua mwezi wowote tuutakao. Tuna wiki ya mwisho ya Juni na siku chache za mwanzo wa Julai, au tusubiri likizo ya Desemba. Wenzangu wawili wanataka Desemba ili tuwe kileleni tarehe 9, kwa kumbukumbu ya usiku ule wa mwaka 1961 ambapo Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya mlima. Mimi naiogopa mvua ya vuli.

Kuhusu njia, tumezungumza na kampuni mbili za Bara na kila moja imetupa maelezo yanayopingana na ya mwenzake. Moja inatushauri tupite Marangu kwa siku tano, kwa hoja kwamba ni njia rahisi na ina vibanda vya kulala. Nyingine inasema Marangu si njia ya mtu anayetaka kufika kileleni, na inatutaka twende Machame kwa siku saba. Tofauti ya bei ni kubwa kwa mishahara yetu. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulala mahali palipo juu kuliko Lushoto, na aliyelala huko alikwenda harusini. Naomba ushauri wa waliopanda.

Mkaazi wa Kikwajuni alijibu:

Wa alaykum salaam, Mwalimu. Nimeupanda mlima huo mara mbili, zote kwa Marangu, na tofauti ya safari hizo mbili ndiyo jibu langu.

Mara ya kwanza nilichukua safari ya siku tano. Usiku wa kwanza tulilala Mandara, mita 2,720, wa pili Horombo, mita 3,720, na siku ya tatu alasiri tukawa Kibo, kwenye kimo cha takriban mita 4,700, ambako tuliambiwa tule, tujilaze, kisha tuamshwe kabla ya saa sita usiku kwa ajili ya kilele. Mtu aliyekuwa akinywa chai Darajani mwanzoni mwa wiki hiyo alitakiwa kufika mita 5,895 kabla wiki haijaisha, mahali ambapo kila pumzi ina nusu tu ya oksijeni anayoipata hapa pwani. Kichwa kilinianza Kibo. Katikati ya zile kokoto zinazoporomoka chini ya Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta, nilitapika mara tatu, na mwongozaji akanigeuza. Sikumlaumu, alifanya kazi yake. Ninayemlaumu ni mwenye kampuni, ambaye sitamtaja, kwa kuwa hakunieleza kabla sijalipa kwamba ipo safari ya siku sita kwa njia ileile.

Mara ya pili nilichukua hiyo ya siku sita. Siku inayoongezwa hutumika Horombo, lakini si siku ya kulala kitandani. Asubuhi unapanda hadi kwenye Mawe ya Pundamilia, karibu mita 4,000, ukae kidogo, kisha urudi kulala palepale ulipolala jana. Sikuwa na afya bora kuliko mara ya kwanza, na nilikuwa nimeongezeka uzito. Hata hivyo nilifika kilele cha Uhuru kabla ya saa moja asubuhi, nikashuka kwa miguu yangu.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla hamjajadili jina la njia, jadilini idadi ya siku. Ada za hifadhi hutozwa kwa siku, na ujira wa waongozaji na wapagazi vilevile, ndiyo maana safari ya siku tano huonekana nafuu na ndiyo wanayoitanguliza kwa mteja wa ndani. Na msisahau vitambulisho vya Taifa: Mtanzania hulipa ada kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko mgeni, lakini hadhi hiyo huthibitishwa langoni, si kwa kauli.

Binti wa Chake alijibu:

Nakubaliana na kaka wa Kikwajuni kuhusu siku, ila njia nayo ina neno lake. Mimi nilipita Machame kwa siku saba, na ubora wake hauko katika urefu wa safari peke yake. Siku ya tatu unapandishwa hadi Lava Tower, mita 4,630, mnakula chakula cha mchana hapo huku kila mmoja akishika kichwa chake, kisha mnateremshwa kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Mwili unaonjeshwa kimo kikubwa, halafu unapumzishwa. Marangu haina mteremko wa namna hiyo isipokuwa mtaununua kwa ile siku ya ziada ya Horombo. Lemosho, inayoanzia magharibi na kuja kuungana na Machame huko juu, ni bora zaidi kwa siku zake nane, lakini sidhani kama mchango wa walimu wanne utaihimili.

Hayo nimeyasema kwa haki ya Machame. Sasa niseme upande wa pili, kwa sababu nilikwenda mwanzoni mwa Machi, nikiamini kwamba masika yako mbali, nayo mwaka ule yakawahi. Njia zote isipokuwa Marangu ni za mahema. Hema likishaloa usiku wa kwanza kule msituni halikauki tena. Mpagazi hulikunja likiwa na maji na kulikunjua likiwa na maji, na mfuko wa kulalia huanza kunywa unyevu kutoka chini. Nilifika kileleni, alhamdulillahi, lakini siku tatu sikuwa na soksi hata moja kavu. Watu huuliza njia na msimu kama maswali mawili mbalimbali, na hapo ndipo nilipokosea mimi. Kama mtakwenda Desemba, sioni kwa nini mlale kwenye mahema. Kama ni Juni, mnaweza kuchagua kwa mfuko na kwa magoti.

Magoti nayataja kwa ajili ya yule mwenzenu wa miaka 51. Wanaopanda kwa Machame hushukia Mweka, na mteremko huo ni mkali, wa ngazi ndefu za magogo na matope, na mtu huushuka akiwa hajalala. Marangu hupandwa na kushukwa kwa njia ileile. Wengine wanaona inachosha macho, lakini mteremko wake ni wa huruma zaidi.

Kwa dada zangu wawili: ulizeni mapema kuhusu choo na mahali pa kubadilishia nguo. Vibanda vya Marangu vina vitanda vya pamoja, na mnaweza kulazwa chumba kimoja na wageni msiowajua, hivyo ombeni kwa maandishi mlazwe pamoja.

Nahodha Mstaafu wa Mkoani alijibu:

Mwalimu, mimi mlima huo sijaupanda wala sitaupanda kwa umri nilionao, lakini upepo na mwezi ndivyo vilivyonilea, na mwanangu anafanya kazi ya uongozaji Moshi, kwa hiyo tunazungumza habari hizi mara kwa mara.

Misimu ya mlimani si migeni kwetu. Masika yake ni ya Machi hadi Mei na vuli yake ni ya Novemba na Desemba. Katikati yake kuna nafasi mbili kavu: ile ya Kaskazi, Januari na Februari, na ile ya Kusi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Ya Kaskazi ina joto afadhali na watu wachache, ila nyinyi mtakuwa darasani, na miaka hii Ramadhani nayo imeingia Februari. Iliyobaki ni ya Kusi. Upepo huo unakuja umebeba unyevu wa bahari, unakutana na mlima kwa upande wa kusini, unapanda, unapoa na kuuacha unyevu wake kwenye msitu. Ndiyo maana upande wa Machame na Marangu ni wa kijani, na upande wa Rongai, unaotazama Kenya, ni mkavu zaidi. Mwishoni mwa Juni mnaweza kukuta mawingu na manyunyu huko msituni, lakini mwanangu anasema ukishapita Mandara mara nyingi mawingu unayaona chini yako, kama mtu anayetazama bahari kutoka ngarawani.

Mtakacholipia ni baridi, kwa sababu hicho ndicho kipupwe. Kila mita 1,000 za kupanda huondoa takriban nyuzi 6 za joto. Kama Wete kuna nyuzi 25, hesabuni wenyewe kilele chake, kisha ongezeni upepo.

Sasa mwezi. Kilele hupandwa usiku, na watu wengi hawaulizi ni usiku gani. Mwaka huu mwezi mpevu wa Juni ni usiku wa kuamkia tarehe 30, katikati ya Muharram. Tarehe 9 Desemba ni kinyume chake kabisa: mwezi ndiyo kwanza unaandama, kwa hiyo wale wenzako watapanda gizani, wakiona duara la tochi tu. Na mkichagua, msikimbilie mwezi wa siku kumi, maana unatua kabla hamjafika mbali. Mwezi wa siku kumi na tano na kumi na sita unakuwa juu yenu usiku wa manane na unakaa nanyi mpaka alfajiri. Sisi kwa bamvua, yale maji makubwa ya bahari, tulikuwa tukihesabu hivyohivyo.

Muuguzi wa Ng'ombeni alijibu:

Nitasema machache, kwa kuwa mengi yamekwishasemwa. Kuumwa na kichwa kidogo kwenye kimo kikubwa ni jambo la kawaida, nako hutibiwa kwa kupumzika, kunywa maji na kutopanda zaidi mpaka kipungue. Dalili za hatari ni hizi: mtu kuyumba anapotembea mithili ya mlevi, kuchanganyikiwa katika maneno, kukosa pumzi hata akiwa amekaa, na kukohoa mapovu. Hapo dawa ni kushuka, tena usiku uleule, haingojwi asubuhi. Mwambieni mwongozaji ukweli kila anapowauliza, kwa maana watu wetu wana tabia ya kujibu "sijambo" hata wakiwa wanaanguka.

Vidonge vya asetazolamaidi huwasaidia baadhi ya watu kuzoea kimo, lakini ni vya kuandikiwa na daktari, na mwenye mzio wa dawa za salfa amweleze mapema. Mwenye presha au kisukari akapimwe mwezi mmoja kabla, si siku ya kupanda boti.

Mwalimu wa Wete aliandika:

Shukrani nyingi kwenu nyote. Nimewasomea wenzangu majibu haya katika chumba cha walimu, na ile hesabu ya Nahodha imeleta kimya: nyuzi 25 kutoa 35 ni nyuzi 10 chini ya sifuri, na hakuna kati yetu anayemiliki hata sweta la maana.

Tumekubaliana tupite Marangu kwa siku sita, mwezi wa Juni. Machame imetuvutia kwa ule mpango wa kupanda juu na kulala chini, na kama si bei na magoti ya mwenzetu pengine tungeichagua. Tulitaka kuingia langoni Ijumaa tarehe 26 ili tuwe kileleni alfajiri ya tarehe 30, lakini tumeona tuswali Ijumaa Moshi kwa utulivu na tuanze Jumamosi tarehe 27, ili tufike, inshallah, alfajiri ya tarehe 1 Julai. Kwa maelezo ya Nahodha, mwezi bado utakuwa nasi. Tutavuka kwa boti hadi Tanga na kuendelea kwa basi, tukifika siku mbili kabla.

Lililobaki ni mazoezi na vifaa. Je, kuna haja ya kununua viatu na makoti, au tukodi huko huko?

Mkaazi wa Kikwajuni alijibu:

Makoti mazito, mifuko ya kulalia na fimbo kodini Moshi, hakuna sababu ya kununua kitu mtakachokitumia mara moja. Viatu nunueni, na mvivae kuanzia sasa, hata sokoni, mpaka viache kuwauma. Glovu chukueni jozi mbili kila mmoja.

Kuhusu mazoezi, mimi nilipanda na kushuka ngazi za majumba ya Michenzani nikiwa na begi lenye chupa za maji, jioni baada ya jioni, mpaka watoto wa pale wakanipa jina. Nyinyi mna majumba ya maendeleo hapo Wete, na Pemba ina vilima ambavyo Unguja hatuna. Lakini msidanganyike: ngazi zitawapa miguu na pumzi, hazitawapa kimo. Niliyemwona akigeuzwa njiani siku niliyofika alikuwa kijana mkimbiaji, na alikuwa ametutangulia sote tangu langoni.

Mwalimu wa Wete aliandika:

Nimekuelewa, kaka. Tunaanza Jumatatu baada ya alasiri. Wenzetu walioitaka tarehe 9 Desemba wamekubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba bendera wataibeba wao.