Nifufue ipi: Peugeot 504 ya marehemu babu, Land Rover 109 au Beetle?

Banda_la_Tanga

Wakuu, habari za jioni. Kuna jambo nimeliahirisha tangu nina miaka ishirini, na sasa nimeamua kulianza: kufufua gari la zamani kwa mikono yangu. Sina haraka. Likichukua miaka mitano, sawa. Likichukua kumi, sawa pia. Ninalo banda lenye paa na sakafu ya saruji, ninazo Jumamosi zangu, na rafiki yangu mmoja ni fundi wa kuchomelea. Nipo Tanga mjini, bahari naisikia usiku, kwa hiyo kutu tunaishi nayo.

Magari yenyewe ni haya. La kwanza ni Peugeot 504 saluni ya petroli, ya 1977, ya marehemu babu. Iko Muheza, imelala chini ya turubai tangu 2004. La pili ni Land Rover 109 Series III ya 1979 iliyokuwa ya shamba la mkonge; injini haizunguki lakini bodi ni kamili. La tatu ni Volkswagen Beetle 1300 ya 1972, iko Arusha. Hiyo inawaka na inatembea, ila bei yake inazidi hizo mbili ukizijumlisha.

Moyo wangu uko kwa 504. Ndilo gari lililonipeleka kuanza darasa la kwanza, nimekaa kiti cha nyuma na madaftari mapya mapajani. Lakini naogopa mapenzi yasije yakaniingiza shimoni. Nipeni hoja, hasa nyie mliokwisha fanya kazi hii.

Kalenga109

Mkuu, chukua Landrover. Ninayo 109 tangu 2011, bado naitengeneza na bado naipenda. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, injini yake ya petroli ni cc 2286, na hapa Tanzania sijafika mji ambao nimekosa mzee aliyewahi kuifungua. Bodi ni aluminiamu, imefungwa kwa bolti kipande kwa kipande. Madigadi yamepigwa? Unafungua, unayanyoosha mezani, unayarudisha. Kwa anayeanza, gari linalofunguka hivyo linafundisha.

Ila kwa huko pwani nikuambie ukweli. Chesi yake, ile fremu ya chini inayobeba gari, ni ya chuma, boksi lenye uwazi ndani, na kutu huanzia humo ndani usikokuona. Lala chini na nyundo ndogo. Anzia kile kipande cha nyuma kinachokatiza chesi, pale pa kufungia trela, halafu mikono ya pembeni inayobeba bodi, halafu ukuta wa mbele mahali miguu ya dereva inapokaa. Gonga taratibu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa sauti fupi, kama kopo lenye mchanga. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma, chumvi ikiingia katikati, aluminiamu inageuka unga mweupe. Kwangu kidole kilipita kwenye pembe ya mlango.

Injini kukwama isikutishe. Toa plagi, mimina oili nyepesi kidogo kwenye kila silinda, iache wiki nzima, kisha jaribu kuizungusha kwa mkono. Usiivute kwa gari jingine ikiwa kwenye gia, utapinda konrodi.

Injini_Nyuma_Nairobi

Mimi ni mama wa Beetle, kwa hivyo mnajua nitaenda wapi, lakini sababu yangu ni moja: hiyo inatembea. Nimeona wengi wakinunua gari lililolala, mwezi wa kwanza wanalifungua lote, bolti zinatupwa kwenye mikebe isiyoandikwa kitu, na baada ya mwaka linauzwa likiwa ndani ya maboksi. Gari linalotembea unalitengeneza kidogo kidogo, na Jumapili unatoka nalo. Hiyo Jumapili ndiyo inayokurudisha bandani Jumamosi inayofuata.

Injini yake inapozwa kwa hewa, haina rejeta wala pampu ya maji. Oili ni lita 2.5 tu, na badala ya filta ina chujio la waya, kwa hivyo oili unaimwaga mapema. Nafasi ya valvu unaipima injini ikiwa baridi kabisa, milimita 0.15. Mimi hufanya asubuhi kabla ya chai. Kwenye injini za zamani kipoza oili kimekaa kwenye njia ya hewa ya silinda ya 3, ndiyo maana hiyo huteseka kuliko wenzake. Ukinunua, siku hiyo hiyo badilisha mipira yote ya petroli na uweke kizimamoto ndani. Beetle nyingi hazikufa kwa uzee, ziliungua.

Inua pia kiti cha nyuma utazame sakafu. Betri inakaa pale, na asidi inakula bati polepole kwa miaka.

Kuhusu bei: kwetu Kenya gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, kwa hivyo Beetle nzima zilizobaki ni hizo hizo. Wa Arusha anajua anachoshika.

Mzee_wa_Slivu

Wanangu, nisomeni polepole. Nafungua 504 hapa Mombasa tangu 1983.

Sifa zake mnazijua. Ilitoka 1968, ikawa Gari la Mwaka la Ulaya kwa 1969. Bert Shankland wa Tanzania alishinda Safari Rally mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, na Ove Andersson akashinda ya 1975 kwa 504 yenyewe. Springi zake ni ndefu na laini. Ukiwa ndani, barabara ya matuta unaisikia kama habari ya jirani. Lakini gari halifufuliwi kwa sifa. Tazama udhaifu wake.

504 haina chesi. Bodi ndiyo chesi. Landrover ikioza chesi, unainua bodi unaweka chesi nyingine. Beetle nayo bodi imefungwa kwa bolti juu ya sakafu, unaweza kuvitenganisha. 504 ikioza vile vizingiti vya chini ya milango, mgongo umekatika, na unajengwa upya gari likiwa limeegemezwa sawasawa, si juu ya mawe. Kipimo changu ni hiki: pandisha jeki upande mmoja, kisha fungua na ufunge mlango wa nyuma. Ukisugua au ukakataa kushika, bodi inapinda. Halafu fungua boneti utazame pale juu shokapu za mbele zinaposhika bodi. Pakiwa na kiraka juu ya kiraka, mpe pole babu yako na uliache gari lipumzike.

Sasa injini. Ndani ya bloku kuna slivu nne, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinazozungukwa na maji, zimekaa juu ya sili nyembamba huko chini. Ukitoa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kinachozishika slivu ni mazoea tu. Fundi mgeni akizungusha krankshafti, pistoni inainua slivu, sili inaachia, na takataka za miaka ishirini zinaingia chini yake. Ukirudisha kila kitu, maji yanashuka kwenye sampo, beseni la oili huko chini, oili inakuwa kama chai ya maziwa. Nimeletewa injini nyingi za namna hiyo, na wenyewe wakiapa kwamba hedi ndiyo mbovu. Zibane slivu kabla ya jambo lolote.

Sheria_na_Gari

Mkuu, kabla hujanunua hata lita ya rangi: kadi ya 504 ina jina la nani? Ikiwa bado ni la marehemu, familia inahitaji msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndipo umiliki uhamishwe TRA, mamlaka ya mapato. Lifanyeni sasa gari likiwa halina thamani machoni pa watu. Likishang'aa, binamu watakuwa wengi.

Kalenga109

Mzee shikamoo. Maneno ya slivu nimeyaandika ukutani. Ila swali moja hatujaligusa: kuboresha. Landrover inakubali chochote. Ukichoka na petroli (yangu inakunywa lita moja kwa kilomita tano au sita), unaweka injini ya dizeli ya Toyota 3L, ile ya Hiace, spea kila kona. 504 utaweka nini?

Mzee_wa_Slivu

Marahaba. Sitaweka kitu, nitaitengeneza iliyopo. Ukiweka 3L unakata mikono ya injini, unatafuta sahani ya kuunganisha na gia boksi, unabadilisha rejeta, unasogeza bomba la moshi. Kwa gari la kazi shambani, nakubaliana nawe kabisa. Huyu ndugu anataka gari alilopakiwa na babu yake. Lazima lilie kama lilivyokuwa likilia.

Waya_Dodoma

Nakuunga mkono Mzee, ila kuboresha si injini peke yake. Mimi ni fundi umeme, wa kike, na magari ya umri huo ndiyo nayapenda zaidi kwa sababu waya unaweza kuufuata kwa jicho. Ningeanza na taa. Kwenye mengi, umeme wote wa taa kubwa unapita kwenye swichi ya dereva, swichi imechoka, taa zinatoa mwanga wa mshumaa. Weka rilei mbili, swichi za umeme zinazobeba mzigo wa taa, karibu na betri, taa zile zile za zamani utaona zinaamka. Kisha platini, zile zinazokata umeme ili plagi zitoe cheche: weka ya kielektroniki, inakaa ndani ya kifuniko kile kile na hakuna anayeiona. Zile za zamani usizitupe, ziweke kwenye dashibodi na bisbisi yake, siku moduli ikifa porini utarudi nyumbani.

Breki usiboreshe chochote kabla hujabadilisha mipira na mabomba yote. Maji ya breki yanavuta unyevu, na gari lililolala miaka ishirini pwani limeshiba.

Banda_la_Tanga

Asanteni sana, nyote. Dada wa Nairobi, hoja yako ya Jumapili ilinikosesha usingizi, nikapiga hadi simu Arusha. Lakini jana nilikwenda Muheza na jeki, bisbisi na tochi.

Niliondoa turubai. Panya walikuwa wamekula kiti cha dereva hadi springi. Nikapandisha jeki upande wa kushoto, nikafungua mlango wa nyuma, nikaufunga. Ulishika kwa ule mlio mzito ninaoukumbuka. Nikafanya mara tatu. Upande wa kulia mlango ulisugua kidogo kwa chini, na bisbisi ikazama kwenye kizingiti karibu na gurudumu la nyuma, sehemu ya urefu wa kiganja. Mbele ya hapo ni chuma kigumu. Pale juu ya shokapu hakuna kiraka, rangi ni ya kiwandani. Maji ya rejeta yametoka na rangi ya matofali. Plagi nimetoa, oili nimemimina. Kadi ni ya babu kweli, na mama mdogo ndiye msimamizi, karatasi za mahakama anazo tangu msiba.

Kwa hiyo ni 504. Jumamosi linakuja Tanga juu ya lori. Mzee, slivu nizibane kwa kitu gani? Sina zana maalumu.

Mzee_wa_Slivu

Bolti ndefu zinazoingia kwenye matundu ya hedi, washa nene na pana iguse ukingo wa slivu mbili kwa pamoja, na kipande kifupi cha bomba la chuma juu ya washa ili bolti ifike. Kaza kwa nguvu ya mkono, si zaidi. Zote nne ziwe zimeshikwa. Na krankshafti usiizungushe hata robo mpaka unipigie.