Gokati inatoa moshi kwa klachi na cheni inaruka, shida ni injini ama ni reshio (uwiano wa meno ya mbele na ya nyuma)?

kartimwiki
Wadau habari zenu. Tumeunda gokati na vijana wa huku kwetu Mwiki, injini ni ya 6.5 hp imetolewa kwa pampu ya maji ya petroli, upande wa maji ulikuwa umekufa lakini injini yenyewe iko sawa, unavuta kamba mara moja inawaka. Klachi ni ile inashika yenyewe ukiongeza mafuta, iko na meno 12, alafu nyuma tumeweka sproketi ya boda ya meno 36 na cheni ya boda, tairi ni za wilbaro 4.00-8. Sasa kwa lami iliyonyooka inatoka pole pole kama kuna mtu ameishikilia, alafu ikishashika inakimbia vibaya sana. Lakini hii murram yetu inayopanda kidogo tu, injini inanguruma na gari haisongi, klachi inatoa moshi na harufu ya breki iliyoungua, na ngoma yake imeshageuka buluu. Tena dereva akiwa mzito cheni inaruka kwa kona. Fundi mmoja anasema ninunue injini ya 13 hp, mwingine anasema klachi ni feki. Nisaidieni kabla sijatoa pesa.

speedi254
Toa gavana (ile inazuia injini isizunguke kupita kiasi) kwa injini bro, ipige mizunguko mingi, hiyo kilima itapanda tu

tana_kariobangi
@speedi254 hapana, tafadhali usimwambie hivyo. Hizo injini gavana imewekwa izuie karibu mizunguko 3600 kwa dakika na kuna sababu, flaiwili ya kawaida (lile gurudumu zito la injini) ikizungushwa kupita kiasi inaweza kupasuka, na konrodi (mkono wa pistoni) pia inaweza kukatika itoboe injini, na hapo kuna kijana ameketi sentimita chache mbele yake. Na hata ukitoa haisaidii, kwa sababu shida yake iko huku chini kwa mwendo wa pole, sio huko juu.

@kartimwiki usinunue injini. Tupige hesabu kwanza. 36 gawanya kwa 12 ni 3, yaani injini ikizunguka mara tatu gurudumu linazunguka mara moja. Tairi ya 4.00-8 ina kimo cha karibu sentimita 40 ukipima kutoka chini hadi juu, kwa hivyo mzunguko mmoja ni karibu mita 1.25. Injini ikifika 3600, gurudumu linapiga 1200 kwa dakika, hiyo ni kama kilomita 90 kwa saa! Kwa beringi za wilbaro! Lakini angalia hapa ndio penye shida yenyewe: hizo klachi nyingi hushika injini ikiwa karibu mizunguko 2000, na kwa reshio ya 3, 2000 ni kilomita 50 kwa saa. Maana yake chini ya 50 klachi yako haijawahi kufunga kabisa, inasugua tu, na kwa mlima hamfiki 50, kwa hivyo inasugua mpaka inaungua. Klachi sio feki, inaonewa.

Na kumbuka tuko Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari. Injini kama hizi hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unapanda, kwa hivyo hiyo 6.5 yako hapa iko kama 5 na kitu. Mtu wa Mombasa anaweza kukushauri reshio fulani na yake inaenda, yako ikakataa.

Unataka reshio ya 7 hivi. Sproketi za boda hazifiki meno unayohitaji, kwa hivyo weka shafti ya katikati kwa beringi mbili za P204, zile ziko na nyumba yake ya chuma, shafti ya milimita 20. Kutoka klachi ya 12 uende kwa 36 kwa hiyo shafti, hapo ni 3. Alafu upande ule mwingine wa shafti weka sproketi ya mbele ya boda ya 14, iende kwa ile 36 yako ya nyuma, hiyo ni 2.57. Zidisha, unapata 7.7. Klachi inafunga kwa kilomita 20 kwa saa na mwisho ni karibu 35, na kwa gari ya vijana hiyo 35 ni mbio ya kutosha kabisa. Hiyo ya 14 iko na meno ya ndani, peleka ikerezwe iwekewe bushi yenye njia ya ki (kile kipande cha chuma kinachoifunga kwa shafti).

mekanika_ngara
Hesabu ya tana iko sawa, mi naongea juu ya cheni. Angalia klachi yako, kama imeandikwa 40/41/420, yaani saizi ya cheni yake, basi hapo ndio cheni inaanzia kuruka. Boda nyingi hutumia 428. Zote mbili hatua, yaani kutoka pini hadi pini, ni nusu inchi, milimita 12.7, ndio maana inaonekana kama imeingia, lakini rola ya 428 ni nene zaidi, milimita 8.5 kwa 7.8 ya 420, na cheni yenyewe ni pana, kwa hivyo haikai chini kwa jino, inapanda juu na kucheza kando. Na shafti ya katikati inakutatulia hii pia, cheni ya klachi inakuwa 420 na sproketi zake, ile ya nyuma inabaki 428 na zake. Usichanganye.

Alafu ukirekebisha, mwambie huyo mzito aketi kwanza. Chesisi ya bomba nyembamba inajipinda mtu akipanda, cheni uliyokaza gari ikiwa tupu inalegea. Acha icheze kama milimita 12 katikati, na weka bomba ya mraba iliyonyooka kwa uso wa sproketi zote mbili, iguse kote.

kartimwiki
Aisee asanteni sana. Nimeangalia, imeandikwa 420 kweli. Hii klachi iliyogeuka buluu bado inafaa?

tana_kariobangi
Inua nyuma, washa injini, iache mwendo wa chini. Kama gurudumu linazunguka na mwendo uko chini kabisa, spring zimelegea kwa joto, badilisha. Kama limetulia, safisha ngoma, piga msasa kidogo na uitumie. Oili ni matone machache kwa bushi pekee, isifike ndani kwa viatu vya klachi, vile vinasugua ngoma. Na msikanyage breki na mafuta pamoja.

mekanika_ngara
Na funika cheni zote mbili kwa bati kabla mtoto yeyote hajapanda, kamba ya kiatu ikiingia hapo mguu unafuata. Swichi ya kuzima iwe mahali dereva anafikia bila kugeuka.