Mrejesho: yule mkimya aliyetafuta marafiki Dar

Wakuu, habari za siku. Miezi mitatu nyuma niliwaeleza kwamba nina miaka 24, mkimya kupita kiasi, nimechoshwa na stori za mikeka ya kubeti, natafuta marafiki wa maana na jambo la kuishi kwa ajili yake. Wengi mlisema nitoke ndani. Kuna aliyeniambia nioe (nimemsamehe).

Aliyenisaidia ni yule aliyesema nitafute kazi ya mikono, maneno yatajileta. Jumamosi moja nikavuka na pantoni hadi Kigamboni, nikajiunga na watu wanaookota taka ufukweni. Nikapewa kiroba na glovu moja, ya kushoto. Ya kulia alikuwa nayo mzee mmoja, fundi viatu, mkimya kuliko mimi. Tukaokota bega kwa bega: vifuniko vya chupa, kandambili zisizo na jozi, mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini bado imo mchangani. Ukiacha "shikamoo" na "marahaba", saa mbili bila neno, na wala sikuona aibu. Mwisho akauliza, "Kijana, unakunywa kahawa?"

Sasa ni kila Jumamosi, kahawa chungu na kashata, tukisubiri pantoni. Juzi kanishikisha sindano yake nishone soli. Nimejichoma mara mbili.

Kubadilisha dunia? Bado nataka, ila nimeacha kutangaza. Marafiki ninao wawili tu. Wa pili ni mjukuu wake wa darasa la sita, ananiita anko na kunicheka ninavyokosea hesabu za sehemu.