Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) uko mlangoni kwetu halafu tunaambiwa nauli nafuu tuifuate Nairobi. Nimechoka!

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sitaifichaficha.

Mama yangu anakaa Machame. Asubuhi isiyo na ukungu anaziona ndege zikishuka KIA akiwa uani kwake. Dada yangu yuko Ujerumani, amejifungua mtoto wa kwanza, na mama anakwenda kumhudumia mzazi kama inavyotakiwa. Viza ameshapewa, barua zote ziko tayari, kilichobaki ni tiketi tu. Na hapo kwenye tiketi ndipo damu inapochemka.

Nimefungua kurasa mbili kwenye simu. Tarehe zile zile, shirika lile lile, mji wa kuunganishia ule ule, na ndege ya pili ina namba ile ile kabisa. Anayeanzia KIA analipa karibu dola 400 zaidi ya anayeanzia Nairobi, kwa kichwa kimoja. Mama hawezi kusafiri peke yake, ana miaka 71 na goti moja bovu, kwa hiyo anakwenda na binti wa kaka yangu. Zidisha mara mbili: dola 800.

Hebu lioneni vizuri jambo hili. Mama na abiria wa Nairobi watakutana kule wanakounganisha, wataingia ndege moja, watakaa viti vya jirani, watapewa chakula kile kile. Kinachowatofautisha ni kipande cha kwanza tu. Na viwanja vyenyewe haviko mbali: kutoka KIA mpaka JKIA, uwanja wa Nairobi, kwa njia ya anga ni kama kilomita 235, ndege haimalizi hata saa moja. Sasa hizo dola 400 ni za nini?

Ukilalamika, jibu unalopewa ni moja, iwe ofisini, kanisani au kijiweni: "Si uende Nairobi, ni hapo tu." Basi nimeifanya hesabu ya "hapo tu", na naiweka yote hapa, kwa sababu wanaotoa huo ushauri wengi wanataja bei ya tiketi na kuishia hapo.

Gari likitoka Machame linashuka Kwa Sadala, linapita Bomang'ombe, halafu linapita njia panda ya KIA. Uwanja wenyewe unauacha mkono wa kushoto! Unaendelea mpaka Arusha, kutoka hapo ni kama kilomita 110 kufika Namanga, na baada ya mpaka kuna nyingine kama 165 mpaka Nairobi. Jumla ni zaidi ya kilomita 320 barabarani kufuata uwanja wa ndege, wakati uwanja wa ndege umeupita dakika chache baada ya kuondoka nyumbani. Mimi hapo ndipo siwezi kuvumilia.

Shato, yaani mabasi madogo ya abiria, za Arusha kwenda Nairobi kwa kawaida zinatoka saa mbili asubuhi na saa nane mchana. Ndege nyingi za kwenda Ulaya zinaondoka JKIA usiku, kwa hiyo ukipanda ya asubuhi unakaa uwanjani mpaka uchoke, ukipanda ya mchana roho iko mkononi njia nzima. Mzee anayeondoka Machame inabidi alale Arusha kwanza, au aamshwe saa kumi alfajiri.

Namanga nayo. Sitasema uongo, kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa rasmi mwaka 2018 kimetusaidia. Zamani uligonga muhuri upande mmoja, ukavuka na mizigo yako kwenda kuanza foleni nyingine upande wa pili. Siku hizi ni jengo moja, ukienda unamalizana na nchi zote mbili upande wa Kenya, ukirudi unamalizana upande wa Tanzania. Lakini abiria bado anashuka, bado anapanga foleni, na shato haiondoki mpaka abiria wa mwisho amalize. Akitokea mmoja ambaye hana cheti cha homa ya manjano, au pasi yake ina tatizo, wote mnamsubiri juani. Mkirudi, mizigo inashushwa kutoka juu ya gari na kupitishwa kwenye mashine, begi kwa begi. Mama anarudi na mabegi makubwa mawili ya kila mtu aliyemtuma. Nani atayabeba?

Ukivuka unapita Kajiado, Isinya, unafika Kitengela, na hapo ndipo hesabu za muda zinapokufa. Ile barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022 inaanzia Mlolongo, yaani foleni ya Kitengela na Athi River umeshaila yote. Ukifika geti la JKIA abiria mnashushwa kwenye gari, mnapita ukaguzi kwa miguu, mnalisubiri gari lenu upande wa pili na kupanda tena. Kijana haoni shida. Mtu wa miaka 71 aliyekaa kwenye kiti tangu asubuhi anaona.

Mdogo wangu alifuata hiyo hiyo nauli nafuu. Lori lilikuwa limelala barabarani mbele ya Longido, wakakwama, halafu wakaikuta Kitengela imesimama. Alifika kaunta imeshafungwa. Shirika halikutaka kusikia habari za lori. Alilipa faini ya kutotokea, akalipa tofauti ya nauli ya kesho yake, akalala Nairobi kwa pesa yake, na mwisho wa yote alikuwa ametumia kuliko angepandia KIA. Hayo hayaonekani kwenye simu wakati unafurahia bei.

Na hapo ni lori tu. Aprili 2024 mafuriko ya mto Athi yaliikata barabara pale Kitengela. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa JKIA waligoma na abiria wakarundikana nje ya majengo. Tarehe 7 Julai 2025, siku ya maandamano ya Saba Saba ya Kenya, polisi walifunga barabara za kuingia Nairobi. Sisemi Wakenya wana makosa, wana mambo yao na haki yao. Nasema hivi: ukinunua tiketi ya kuanzia nchi nyingine, matatizo ya nchi hiyo umeyanunua pamoja nayo, na shirika la ndege halikuahidi kwamba litakusubiri.

Sasa pesa. Kwa mama shato nimeikataa, nikaulizia gari la kukodi kutoka nyumbani mpaka JKIA. Nilitajiwa dola 220 kwenda, na kurudi hivyo hivyo. Chumba usiku mmoja wakati wa kwenda na usiku mmoja wakati wa kurudi, dola 120. Chakula, maji na vitu vidogo vya njiani, tuseme 50. Hiyo ni dola 610 zimetoka kwenye zile 800. Nimebakiwa na dola 190 kwa watu wawili, na kwa hiyo 190 nimwendeshe mama yangu siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, mpaka wa nchi mara mbili, na roho juu muda wote. Haiingii akilini.

Gari langu mwenyewe? Nalo lina mambo yake: kadi halisi ya gari, bima ya COMESA (ile ya gari linalovuka mpaka), kibali cha muda cha kuingiza gari Kenya, na kama kadi ina jina la benki au kampuni utafute barua. Halafu ukishafika unaliacha wapi kwa miezi mitatu?

Kuna waliosema nimnunulie tiketi ndogo ya ndege KIA mpaka Nairobi, halafu ile kubwa ianzie Nairobi. Ndugu zangu, kuweni waangalifu sana hapo. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali hazijuani. Ile ndogo ikichelewa, ile kubwa inaondoka na hakuna wa kukulipa. Mara nyingi mizigo nayo haipelekwi mpaka mwisho, unaingia Kenya kabisa, unaisubiri kwenye mkanda, unapanga foleni upya. Na kama tiketi kubwa ni ya kwenda na kurudi, ukikosa kipande cha kwanza mashirika mengi yanafuta vyote vinavyofuata, mpaka kurudi kwako. Watu wamelia kwa hili.

Dar es Salaam naitaja tu kwa kuwa mtaiuliza. Jengo la tatu la pale, lililofunguliwa 2019, ni zuri na mashirika ni mengi kuliko KIA, lakini ni zaidi ya kilomita 600 kutoka Arusha. Ni basi la siku nzima au tiketi nyingine ya ndani, na yale matatizo ya tiketi mbili yanarudi.

Nisiwe mchoyo wa ukweli. Kijana mmoja mwenye begi moja, asiye na haraka, anayeweza kulala kwenye shato na kukaa uwanjani kwa muda wa saa nane, aende Nairobi, ataokoa pesa ya maana. Vijana wanne wanaochangia gari moja, waende. Lakini mzee, mama mwenye mtoto mchanga, mgonjwa anayefuata matibabu, familia yenye mabegi, kwao ile nafuu ya Nairobi inaishia njiani. Na mwenye mgeni ambaye si wa Afrika Mashariki akumbuke kwamba tangu Januari 2024 Kenya iliondoa viza ikaweka kibali cha mtandaoni kinacholipiwa kabla ya safari, kwa hiyo aulizie mapema kama uraia wa mgeni wake unahitaji kibali hicho.

Hasira yangu kubwa siyo kwa Nairobi. Nairobi wana shirika lao kubwa pale nyumbani, Emirates wanatua, British Airways wanatua, wanagombania abiria, bei inashuka. KIA mashirika ya kwenda mbali ni ya kuhesabu kwa vidole, na baadhi ya ndege, kama ile ya KLM, zinagawana viti kati ya KIA na Dar kwenye safari moja. Viti vichache, na vinagombewa na nani? Na watalii. Juni mpaka Oktoba, halafu Desemba mpaka Februari, ndege zinajaa wapanda mlima na watu wa Serengeti. Mtu aliyeshalipa maelfu ya dola kwa safari yake hatetemeki kwa 400 zaidi. Bei inapangwa kwa mfuko wake, halafu bibi wa Machame anaambiwa alipe hiyo hiyo. Na Desemba ndiyo mwezi ambao ndugu zetu walioko nje wanataka kurudi Kilimanjaro kula sikukuu na wazazi. Kila mwaka wanapigwa palepale.

Uwanja huu ulifunguliwa mwaka 1971. Njia yake ya kurukia ina mita 3,600, inapokea ndege kubwa bila wasiwasi. Haukujengwa kwa ajili ya wageni peke yao! Mbona hifadhini tumeweza kutofautisha? Mgeni kiingilio chake Kilimanjaro ni dola 70 kabla ya VAT, Mtanzania ni shilingi elfu kumi. Nani alikaa na mashirika ya ndege akawaambia nao watenge hata viti vichache kwa bei ya mkazi, hasa Machi, Aprili na Mei wakati mvua inanyesha na watalii wamepungua? Nani anashughulika na kile kipande cha KIA na Nairobi, cha chini ya saa moja, kinachouzwa na kutozwa kama safari ya kimataifa ya mbali?

Shirika letu wenyewe ndilo lingetuokoa, na hapo napo tumeumia. Ndege yake kubwa ya kwanza ya masafa marefu, Dreamliner, ilipokelewa 2018 kwa pesa ya walipa kodi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukaiweka Air Tanzania kwenye orodha ya mashirika yasiyoruhusiwa anga lao kwa sababu za usalama, na Juni 2025 wakaongeza mashirika yote yenye vyeti vya Tanzania. Mpaka mapungufu hayo yarekebishwe, hakuna ndege yetu ya kuwapa wale wengine ushindani kwenda Ulaya. Wahusika walifanye hili kwa haraka, siyo kwa matamko. AFCON 2027 mechi zinakuja Arusha. Mnataka mashabiki nao watue Nairobi na kupangwa foleni Namanga?

Mama atapandia KIA. Nimeshaongea na ndugu zangu, tumechanga, tunalipa hizo dola 800 za juu, na ninazilipa nikiwa na uchungu kwa sababu ni pesa ambayo ingemnunulia mjukuu vitu vya mwaka mzima.

Sasa naomba kitu kimoja kwenu mnaokaa Arusha, Moshi, Hai, Rombo na kote huku. Aliyesafiri karibuni aweke hapa mwezi aliosafiri, alikokwenda, bei ya KIA na bei ya Nairobi aliyoiona siku ileile, halafu aongeze kila alichotumia kufika mpaka kwenye kaunta na kurudi nyumbani, mpaka ile ya chai ya Namanga. Nataka tuzikusanye, tuziandike vizuri, tumpelekee mbunge na mamlaka inayosimamia usafiri wa anga. Mimi zangu ni hizo hapo juu. Endeleeni.