VT ya kovu: kuusaka mzunguko wenyewe au kuunguza kovu kwa upana?

Mwanafunzi_Mdundo:
Wakuu, habari za kazi. Niko mafunzoni upande wa umeme wa moyo, na tumekuwa na ubishi mkali kuhusu wagonjwa waliobaki na kovu baada ya shambulio la moyo, sasa wanarudiwa na mapigo ya kasi ya ventrikali (chumba cha chini cha moyo), yaani VT. Chanzo hatubishani: ndani ya kovu hubaki nyuzi za misuli hai, umeme hupenya humo polepole, ukatokea upande wa pili na kuzunguka tena. Tunabishania mahali pa kuunguza. Wapo wanaotaka VT iamshwe na kufuatwa hadi kwenye njia yake nyembamba, ikatwe hapo tu. Wengine wanataka kovu lichorwe ramani mgonjwa akiwa na mdundo wa kawaida, kisha liunguzwe kwa upana. Ninyi mnachagua ipi?

Dkt_Ramani:
Njia ya kwanza ndiyo iliyotufundisha ugonjwa huu, kwa hiyo tusiidharau. VT ikiwa inaendelea, unaupigisha moyo kwa kasi inayoizidi kidogo ukitumia katheta (waya mwembamba unaoingizwa moyoni kupitia mshipa), unaacha, kisha unapima muda hadi pigo linaporudi kwenye ncha ya katheta. Muda huo usipozidi muda wa mzunguko mmoja wa VT kwa zaidi ya milisekunde 30, na umbo la ECG (mchoro wa umeme wa moyo) halikubadilika ulipokuwa unaiendesha, ujue uko ndani ya njia yenyewe. Ukiunguza hapo na VT ikakatika ndani ya sekunde chache, ushahidi mzuri kuliko huo sijauona.

Shida ni mgonjwa. Wengi presha inaporomoka VT ikianza tu, na hakuna muda wa kuchora chochote. Tena kovu moja hubeba mizunguko kadhaa: unakata huu, kesho unaibuka mwingine. Utafiti wa VISTA wa 2015 ulilipima hilo kwa haki kabisa, kwa sababu ulichukua wagonjwa 118 ambao VT zao zilivumilika, kundi ambalo njia ya kwanza ilipaswa kushinda. Baada ya miezi 12, VT ilikuwa imewarudia 48.3% ya walioshughulikiwa ile VT iliyoonekana tu, na 15.5% ya waliounguzwa kovu kwa upana. Kwa kovu la shambulio la moyo, mimi nilishaamua.

Fundi_Katheta:
Daktari, nakuunga mkono, ila "kwa upana" si kitu kimoja. Ramani ya nguvu ya umeme tunaigawa hivi: chini ya milivolti 0.5 ni kovu zito, 0.5 hadi 1.5 ni ukingo, juu ya hapo tunaita misuli mizima. Kuna wanaounguza kila ishara mbovu ndani ya eneo lote. Kuna wanaotafuta milango ya vijia na kuiziba, vijia vya ndani vikafa vyenyewe. Wengine wanazungushia kiini cha kovu alama za moto ili kitengwe kabisa.

Mimi nikikaa kwenye skrini naangalia vile vijipigo vidogo vikali vinavyokuja baada ya QRS (wimbi la ECG la pigo la ventrikali) kumalizika. Kikijificha ndani ya QRS, tunaongeza pigo moja la mapema kutoka ventrikali ya kulia: ishara ya misuli ya mbali inabaki palepale, ile ya kwenye kovu inachelewa na kujitenga. Hapo huhitaji kubahatisha.

Na jambo linalosahaulika ni maji. Katheta hupozwa kwa maji ya chumvi muda wote wa kuunguza. Moyo dhaifu ukikaa mezani saa nyingi, maji yanajaa mapafuni. Ndiyo maana napenda kuziba milango kwanza. Ikitosha, mgonjwa anatoka mapema.

Picha_za_Moyo:
Nyote mnazungumzia kovu la mishipa iliyoziba, ambalo huanzia upande wa ndani wa ukuta. Kwa kadiomayopathi (magonjwa ya misuli ya moyo) zisizo za mishipa, mara nyingi kovu liko katikati ya ukuta au nje. Katheta ndani inasoma milivolti 2, unasema pazima, kumbe kovu liko nyuma yake. Piga MRI yenye gadolini (dawa inayoonyesha kovu kwenye picha) kabla ya kupanga chochote, na usome pia ishara ya unipola (ya ncha moja ya katheta, inayoona mbali zaidi ndani ya ukuta): chini ya milivolti 8.3 kwenye ventrikali ya kushoto, shuku upande wa nje.

Kufika nje ya moyo kwa sindano chini ya kifua tulifundishwa na Sosa na wenzake wa Brazili mwaka 1996, kwa wagonjwa wa Chagas (ugonjwa wa vimelea unaoharibu moyo). Lakini chora mishipa ya moyo kabla ya kuunguza, tafuta neva ya freniki (inayoendesha kiwambo cha kupumulia), na kama alishafanyiwa upasuaji wa moyo tegemea utando ulioshikana.

Mwenye_ICD:
Samahani madaktari, mimi ni mgonjwa. Nina kovu na ICD (kifaa kilichopandikizwa kinachoushtua moyo VT ikitokea), na nimeshapigwa shoti. Je, nianze na dawa au katheta? Na nikiunguzwa, ICD inatolewa?

Dkt_Ramani:
Pole sana ndugu, shoti ile si mchezo. Utafiti wa VANISH2 wa 2024 uliwagawa watu 416 wenye hali kama yako: katheta kwanza, au dawa za mdundo, sotaloli au amiodaroni. Kifo, dhoruba ya VT (VT kurudiarudia ndani ya muda mfupi), shoti stahiki au VT iliyohitaji matibabu, vikihesabiwa pamoja, viliwapata 50.7% wa katheta na 60.6% wa dawa. Tofauti ya vifo peke yake haikuthibitika. Kwa hiyo ukiwa na timu yenye uzoefu, ni halali kabisa kuuliza kuhusu katheta kabla ya kuongezewa vidonge, hasa amiodaroni ambayo inaweza kuharibu tezi ya shingo na mapafu.

ICD haitolewi. Wakati wa kazi huzimwa, na huwashwa tena kabla hujatoka chumbani. Waulize wakuthibitishie hilo.